Miaka mitatu na sefu ya bunduki Houston: mwizi imemzuia, kutu nimeizuia mwenyewe

Sefu hii ya kuhifadhia bunduki niliinunua mwezi wa Machi 2022 katika duka moja la vifaa vya uwindaji hapa Houston, jimbo la Texas, kwa dola 1,350 kabla ya kodi, nikaongeza dola 250 za kuletewa nyumbani. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kwa sababu kasoro nyingi nilizokutana nazo nimeziona pia katika sefu za bei hiyohiyo za kampuni nyingine nilipozikagua kwa marafiki, na ningependa msomaji akichunguze chombo chenyewe kuliko nembo iliyobandikwa mlangoni. Ninawaandikia hasa ndugu wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani, ambao wameanza kukusanya bunduki za kale au wameweka bunduki mpya nyumbani, na ambao huniuliza mara kwa mara kama chuma hiki kizito kina thamani ya fedha zake.

Kwanza nieleze kilichomo ndani. Bunduki ninayoithamini kuliko zote ni Lee-Enfield Namba 4 iliyotengenezwa kiwanda cha Long Branch nchini Kanada mwaka 1943. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akavuka bahari hadi Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, na jamii hii ya bunduki za risasi ya .303 ndiyo aliyotusimulia hadi alipofariki, jinsi komeo lake, kile chuma kinachovutwa nyuma ili kupakia risasi, lilivyokuwa jepesi kuvuta na jinsi mbao zake zilivyovimba kwa mvua za kule. Pembeni yake ipo Mosin-Nagant 91/30 ya Urusi, ipo K31 ya Uswisi, na kwa upande wa mpya ninayo Ruger 10/22 ya kufundishia wanaoanza pamoja na bastola ya Glock 19. Bunduki hiyo ya Uswisi ina jambo moja ninalolipenda mno: ukifungua bamba la chuma lililo kwenye kitako, mara nyingi hukuta kikaratasi chenye jina la askari aliyekabidhiwa bunduki na kikosi chake, na katika yangu kikaratasi hicho bado kipo, nimekirudisha palepale nilipokikuta.

Kuhusu sheria nitapita haraka, ila sitaacha kulisema hili. Mkazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kumiliki bunduki, lakini aliyeko hapa kwa viza ya masomo au ya matembezi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza kuwa na bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa masharti machache, na ni vyema asiguse jambo hili kabla ya kumwona mwanasheria. Kwa mkusanyaji wa bunduki zilizotimiza miaka 50 na kubaki katika umbo lake la asili, ATF, idara ya shirikisho inayosimamia bunduki, hutoa leseni ya mkusanyaji kwa dola 30 kwa miaka 3, na mwenye leseni hiyo hutakiwa kuandika katika daftari kila bunduki ya kale iliyoingia na iliyotoka. Daftari langu linakaa ndani ya sefu, na nakala yake iko kwa mke wangu.

Sasa nije kwenye sefu yenyewe. Tangazo lilisema inachukua bunduki 36. Ukweli ni kwamba nafasi hizo 36 zimepimwa kwa bunduki nyembamba zisizo na darubini, zilizobanana kama mihogo ndani ya gunia, na ukiweka bunduki za kijeshi zenye makomeo yanayochomoza pembeni, ukataka kutoa moja bila kuikwaruza nyingine, utapata nafasi 16 au 17. Anayepanga kukusanya bunduki 15 anunue sefu iliyoandikwa 30 na kuendelea. Bati lake la chuma lina unene wa milimita 2.7 hivi, ambao wauzaji huuita geji 12, na lina kibandiko cha UL, shirika la kupima usalama wa bidhaa, cha daraja la sefu za nyumbani, maana yake mlango ulistahimili dakika 5 za kushambuliwa na mtu mmoja mwenye zana za kawaida. Dakika 5 si nyingi, na kwa sababu hiyo niliwataka mafundi waifunge kwa skrubu nne kwenye sakafu ya zege, maana sefu isiyofungwa chini mwizi huilaza kwa ubavu, akaivuta au akaivunja akiwa na nafasi ya kutosha. Mwaka 2023 wezi waliingia nyumbani kwetu tukiwa safarini, wakachukua televisheni na mashine ya kukata majani, na kwenye mlango wa sefu waliacha mikwaruzo ya mtaimbo tu. Kwa siku hiyo peke yake naipa sefu hii alama za juu kabisa.

Jambo lililoniumiza lilitokea kabla ya hapo. Muuzaji alinihakikishia kwamba sefu imezibwa pande zote na kwamba nikifunga mlango, bunduki zimelala salama. Niliiweka kwenye banda la gari lililoungana na nyumba, mahali pasipo na kiyoyozi, nikafunga mlango mwezi wa Aprili, nikasafiri kikazi, na sikuifungua hadi wiki ya pili ya Juni. Nilipovuta mlango kilinipokea kijoto kizito chenye harufu ya chokaa mbichi na nguo isiyokauka. Niliichukua Lee-Enfield na kulivuta komeo nyuma, likaja kwa kusuasua huku likitoa sauti ya mchanga, na nilipolichomoa na kulisogeza dirishani nikaona juu ya chuma vidoa vyekundu, vidogo kama mbegu za ulezi, vimetapakaa upande uliokuwa umeelekea ukuta wa sefu. Pale namba ya komeo ilipochongwa, namba ileile iliyoko kwenye mwili wa bunduki na inayothibitisha kwamba vipande hivi viwili vimekuwa pamoja tangu kiwandani, kutu ilikuwa imeingia katika tarakimu mbili za mwisho. Mosin haikupata hata alama moja, kwa sababu nilikuwa sijamaliza kuitoa ile grisi nzito ya ghalani waliyoipaka Warusi. Nilikaa kwenye kiti pale bandani muda mrefu nikiwa nimelishika komeo lile mkononi.

Nilipotafuta chanzo, nilielewa kwamba sefu nyingi za bei hii huzuia moto kwa kuwekewa mbao za jipsamu ndani ya kuta. Jipsamu ina maji ndani ya umbile lake, kiasi cha sehemu moja ya tano ya uzito wake, na moto unapowaka maji hayo hugeuka mvuke na kuchelewesha joto, kwa hiyo kwa kazi ya moto ni kitu kizuri. Lakini jipsamu hiyohiyo hunyonya unyevu wa hewa na kuuachia polepole, na zulia lililobandikwa juu yake hufanya vivyo hivyo. Ukichanganya na hewa ya Houston, ambayo miezi ya joto ni nzito kama ya Tanga kabla ya masika, na banda ambalo mchana lina joto kali na usiku linapoa, umepata kisanduku ambacho chuma chake hutoka jasho gizani bila mtu kuona. Kijitabu cha maelekezo kilitaja unyevu kwa sentensi moja, kwenye ukurasa wa mwisho, na muuzaji hakuutaja kabisa. Hili nalilalamikia kwa dhati, kwa sababu anayenunua sefu ya bunduki ananunua mahali pa kuhifadhia chuma.

Niliyoyafanya baada ya hapo yamenifaa kwa miaka yote iliyofuata. Nililipa mafundi wakaihamishia sefu kwenye chumba cha ndani chenye kiyoyozi. Nyuma ya sefu pana tundu la kupitishia waya, nikapitisha humo waya wa fimbo ya umeme ya kupashia hewa, ambayo hulala sakafuni mwa sefu na kutoa joto dogo saa 24, hewa ikapanda juu taratibu bila kuacha kona yenye ubaridi. Nikaweka kipima unyevu kwenye rafu ya juu, na lengo langu ni asilimia 45 hadi 50, maana ikishuka sana mbao za kitako nazo huanza kupasuka. Bunduki sizihifadhi ndani ya mifuko yake yenye sponji, kwa kuwa sponji hushika maji na kuyaegemeza kwenye chuma. Mbao za bunduki za kale nazipaka mafuta mabichi ya mbegu za kitani, tone chache kwa kiganja, mara mbili kwa mwaka, na chuma nakipaka tabaka jembamba la nta inayotumiwa na wahifadhi wa makumbusho, nikiwa nimevaa glovu za pamba ili jasho la vidole lisibaki.

Namna unavyolenga shabaha nayo inaingia katika habari ya sefu, kwa sababu bunduki hurudi ndani na kile ilichotoka nacho uwanjani. Risasi nyingi za zamani za Mosin, zile zinazouzwa kwa bei nafuu zikiwa zimefungwa ndani ya makopo ya bati, zina kiwashio kinachoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo haitoki kwa mafuta, hutoka kwa maji. Kwa hiyo jioni nikirudi kutoka uwanja wa shabaha nachemsha birika la maji, nayamimina kwa faneli kupitia nyuma ya mtutu hadi yatoke meupe mbele, nasubiri chuma kilichopata joto kijikaushe chenyewe, napitisha vitambaa mpaka kimoja kitoke kisafi, ndipo mafuta yanapofuata. Kwa Lee-Enfield ninatumia risasi mpya za Prvi Partizan kutoka Serbia, ambazo hazina chumvi hiyo. Huipigia risasi chache kila mara, nikihakikisha nikipakia kwamba ukingo wa kitako cha kila risasi unakaa mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake, kwa sababu zikipandiana vibaya hukwama ndani ya kasha. Na kabla ya kufyatua bunduki yoyote ya kale kwa mara ya kwanza, mpelekee fundi wa bunduki mwenye vipimo aikague, hata kama muuzaji amekuapia kwamba ni nzima.

Kasoro ya pili ya sefu ni kufuli lake la vitufe. Mwezi wa kumi na tano tangu niinunue lilikataa kufunguka ingawa betri ilikuwa mpya, na dhamana, ambayo ni ya miaka 5 kwa maandishi, ilinihitaji nipige simu mara nne na kungoja siku 19 hadi fundi alipofika. Alilibadilisha bila malipo, nashukuru, lakini kwa aliyeweka humo silaha ya kulinda nyumba siku 19 ni nyingi mno. Ningenunua leo ningeongeza fedha nipate kufuli la kuzungusha, ambalo ni la polepole lakini halitegemei betri.

Nina watoto wawili, wa miaka 8 na 11. Namba za sefu tunazijua mimi na mama yao tu, na risasi zinakaa mbali na bunduki, ndani ya makopo ya chuma ya kijeshi yenye mpira wa kuziba, katika kabati jingine lenye kufuli. Sheria ya Texas humtia hatiani mtu mzima anayeacha kwa uzembe bunduki iliyopakiwa na mtoto akaifikia, na hata isingekuwepo ningefanya hivyohivyo. Kijana wangu mkubwa hushika Ruger uwanjani akiwa nami begani, na hurudia mwenyewe maneno tuliyokubaliana: komeo wazi, mtutu chini, kidole nje.

Kwa dola 1,350 ningeinunua tena, lakini ningeweka kando dola 150 nyingine za fimbo ya joto, kipima unyevu na nta, na ningeziona ni sehemu ya bei. Kampuni ilinijibu kuhusu kufuli, ila barua yangu kuhusu unyevu, niliyoituma pamoja na picha sita za lile komeo, haijajibiwa. Kutu niliitoa kwa sufu laini ya shaba na mafuta, kwa siku tatu, bila kugusa rangi ya asili iliyobaki. Jumamosi iliyopita nilifungua mlango, kipima unyevu kilisoma asilimia 46, na komeo lilirudi nyuma bila sauti. Tarakimu mbili za mwisho bado zinasomeka, ila zimebaki na kivuli cha kijivu ambacho nikipitisha kidole gumba nakihisi.