Uzoefu wangu na dwm: mwaka mmoja bila zombi kwenye kompyuta ya duka

Nina duka la steshenari Magomeni, Mtwara. Natoa kopi, naskani, nachapa barua, nasaidia watu kujaza fomu za mtandaoni. Kompyuta ya kazi niliinunua ikiwa imeshatumika, RAM yake GB 2, kwa hiyo naendesha Debian, aina ya Linux, yenye kidhibiti madirisha peke yake (programu ya kupanga madirisha kwenye skrini, na sasa hivi ni dwm), bila mazingira mazito ya dawati. Ndivyo ninavyopata nafasi ya kufungua LibreOffice na kivinjari kwa pamoja.

Kabla ya dwm nilitumia kidhibiti kingine, jina lake naliacha. Kilikuwa chepesi na kizuri machoni. Kila baada ya sekunde 5 chenyewe kilianzisha kijiprogramu cha kusoma chaji ya betri na kuiandika kwenye mstari wa juu. Miezi ya mwanzo sikuona kasoro. Kisha ukaingia msimu wa korosho.

Msimu ukianza Oktoba, duka langu linafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa usiku, maana makarani wa vyama vya msingi wanakuja na orodha za wakulima na kilo zao, na orodha hizo zinatakiwa ghalani haraka. Hapo ndipo matatizo yalipoanza. Kila ikikaribia saa 12 jioni, kompyuta inagoma kufungua kitu kipya. Madirisha yaliyokwisha kufunguka yanafanya kazi vizuri kabisa, ila ukibonyeza faili, kimya. Jioni moja karani mmoja, mtu mzima, alichomeka flashi yake na faili halikufunguka. Akaniambia kwa upole, “Kijana wangu, wenzangu wananisubiri ghalani.” Nikalazimika kuzima na kuwasha mashine, na barua ya mteja mwingine niliyokuwa sijaihifadhi ikapotea. Iliniuma sana.

Nilidhani ni joto. Nikadhani ni RAM. Kilichonichanganya ni kwamba nje ya msimu, ninapofunga saa 10 na kuzima, tatizo halikuwapo.

Siku iliyofuata nikafungua teminali mapema, na saa 6 mchana nikaorodhesha kwa amri ya ps prosesi zote, yaani programu zilizoanzishwa, na kuhesabu zenye neno “defunct”, yaani zilizokwisha kufa. Zilikuwa zaidi ya 3,600. Nikaandika ulimit -u kuona mtumiaji mmoja anaruhusiwa prosesi ngapi kwa wakati mmoja: 7,700 na ushei. Hesabu ikajipanga yenyewe. Kila sekunde 5 ni mara 12 kwa dakika, mara 720 kwa saa. Kuanzia saa 1 asubuhi, 7,700 inatimia muda mfupi kabla ya saa 12 jioni. Baada ya hapo kerneli, yaani kiini cha mfumo, inakataa wito wa fork, ambao prosesi moja (mzazi) huutumia kuzaa nyingine (mtoto), na bila fork hakuna programu mpya itakayozaliwa.

Prosesi ikifa haiondoki papo hapo. Kerneli inashika namba yake na taarifa ya namna ilivyokufa, ikimsubiri mzazi aje kuichukua kwa wito wa wait. Mzazi asipokuja, inabaki kwenye orodha ikiitwa zombi. Haili CPU, RAM haitumii ya kuhesabika, lakini nafasi yake imeshikwa. Ni kama maiti iliyokwisha kuoshwa na kuvikwa sanda, imelazwa barazani, na mwenye msiba hajatokea. Amri ya kill -9 haifui dafu hapo, kwa sababu hakuna kilicho hai cha kuua. Ukimuua mzazi, zombi wake wanahamia kwa prosesi namba 1, na yeye anawazika mara moja. Ila mzazi kwangu alikuwa kidhibiti chenyewe, na kikifa kinaondoka na madirisha yote.

Ndipo nikahamia dwm. Kilianza mwaka 2006, kimeandikwa kwa lugha ya C, na karibu kila kitu kimo ndani ya faili moja, dwm.c, lenye takriban mistari 2,000. Kabla ya kukiamini na kazi za watu nilikaa nalo jioni mbili nikisoma sehemu ya spawn, inayoanzisha programu ukibonyeza vitufe. Inaita fork. Mtoto anafunga uzi aliourithi wa kuzungumza na X, mfumo unaochora madirisha, anaita setsid ili awe na kikao chake mwenyewe, kisha anageuka kuwa programu uliyoitaka kwa execvp. Mzazi hasubiri kitu, anarudi kwenye madirisha yake. Angekaa kumsubiri mtoto afe, skrini nzima ingeganda.

Na mazishi je? Matoleo ya karibuni yanaiambia kerneli mapema, kwa bendera ya SA_NOCLDWAIT, kwamba watoto wakifa wasiwekwe barazani, wazikwe hapohapo. Kuna jambo dogo lililonifurahisha zaidi. Ishara ya SIGCHLD, inayomwarifu mzazi kwamba mtoto amekufa, ikipuuzwa na mzazi kama dwm inavyofanya, kupuuzwa huko kunarithiwa na mtoto hata akishageuka programu nyingine kwa exec, na programu inayotegemea kuwasubiri watoto wake yenyewe inaweza kuchanganyikiwa. Kwa hiyo dwm inamrudishia mtoto hali ya kawaida kabla hajaondoka. Mwandishi aliyefikiria hilo alijali kazi za watu asiowajua.

Chaji ya betri dwm haisomi. Upande wa kulia wa mstari wa juu unaonyesha tu jina lililopewa dirisha la mzizi, yaani lile la nyuma linalojaza skrini nzima, nami nalibadilisha kwa skripti yangu inayoita xsetroot. Watoto wa skripti wanazikwa na sheli inayoiendesha. Msimu uliopita nilihesabu “defunct” kila jioni kwa wiki nzima. Sifuri kila siku.

Yapo yanayokera. Ukitaka kubadili hata rangi, unahariri config.h na kujenga upya kwa make. Kwangu ni sekunde chache, lakini kijana anayenisaidia dukani bado anaogopa kugusa. Hakuna sehemu ya kutaja programu za kuanza zenyewe, unaziweka kwenye .xinitrc, faili linalosomwa X inapoanzishwa. Pia, ukifunga dirisha kwa vitufe, dwm inaliomba kwanza kwa adabu, na lisiloelewa ombi hilo inalikatia uhusiano na X. Mara chache programu inabaki hai bila dirisha na kuendelea kula CPU. Huyo si zombi, amri ya pkill, inayoua programu kwa jina lake, inamtosha.

Kubwa zaidi: ukitoka dwm kwa mpangilio wa kawaida, kikao chote kinafungwa. Mimi kwenye .xinitrc nimeiweka dwm ndani ya kitanzi cha while, kinachoirudia kila ikitoka, badala ya exec inayoiendesha mara moja tu. Nikiijenga upya natoka, kitanzi kinaiwasha tena, na madirisha yanabaki wazi kwa kuwa X haijazimwa. Programu zilizoanzishwa na dwm iliyokufa zinakuwa yatima, namba 1 inazilea, na barua ya mteja haipotei. Mwisho wa siku, kuzima kikao kweli, nafungua teminali na kuandika pkill xinit, yaani naua programu iliyoiwasha X.