Matairi ya GT86 kwa hela ya kubana: nililipia mara mbili

Toyota GT86 yangu niliinunua mkononi mwa mtu ikiwa na matairi ya aina mbili, mbele kampuni moja na nyuma nyingine. Ya nyuma yalikuwa kipara ukingo wa ndani, huku wa nje ukiwa bado na kashata (ile michongo ya juu ya tairi) nzuri tu. Ukisimama pembeni ya gari unayaona mazima. Siku hizi nikienda kukagua gari napiga magoti kwanza, suruali itafuliwa.

Hela iliyobaki baada ya kulipia gari ilikuwa ya kuhesabu, na hapo ndipo nilipojitungia hoja ya kujidanganya. Gari hili lilipotoka mwaka 2012 lilifungwa Michelin Primacy HP saizi 215/45R17 (upana milimita 215, rimu ya inchi 17), tairi la starehe ambalo hata Prius, Toyota ya kubana mafuta, ilikuwa ikifungwa. Waliolitengeneza walitaka gari jepesi linaloweza kuchezea kona bila kwenda mwendo wa hatari, ndiyo maana hawakulifungia tairi la kung'ang'ania lami. Nikajiambia: kama kiwandani wenyewe hawakuona haja ya tairi kali, basi hata la bei ya chini kabisa litanitosha. Nikachukua manne ya kampuni ambayo sitaitaja, nikafunga, nikajiona mjanja.

Barabara ikiwa kavu sikuwa na la kulalamika, labda kelele tu. Mvua ya kwanza ndiyo iliyonifungua macho. Niliingia kipilefti kwa gia ya pili, mwendo wa 40 hivi, mguu juu ya mafuta kidogo sana. Nyuma ikaondoka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Taa ya kuteleza ikawaka kwenye dashibodi, kompyuta ikabana breki yenyewe, nikajikuta nimesimama nikitazama nilikotoka. Bahati nzuri nyuma yangu hakukuwa na gari.

Nilichokuwa sijaelewa ni hiki: tairi zuri lenye mshiko wa wastani linakupa taarifa. Usukani unakuwa mwepesi kidogo, kiuno kinasikia nyuma inaanza kusogea, una muda wa kurudisha usukani. Haya yangu yalikuwa yameshika, halafu yameachia, katikati hakuna kitu. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hilo si jambo la kuzoea. Niliyavumilia miezi saba kwa sababu hela ilikuwa imeshatoka, na kila wingu likitanda natembea kama naendesha trekta.

Mara ya pili nilianza na swali moja tu: kwenye maji linashikaje? Matairi yanayouzwa Ulaya yana lebo, na tangu 2021 daraja la kushika lami yenye maji linaanzia A, ambalo ndilo bora, hadi E. Nikaamua chini ya B sishuki. Kigezo hicho peke yake kilifuta karibu matairi yote ya bei ya kutupa niliyokuwa nimeyaandika.

Kuna namba nyingine ubavuni inayoitwa tredwea, ambayo wauzaji wanaipenda sana: 'hili ni 500, utalichoka wewe kabla halijaisha.' Ni kweli namba kubwa inamaanisha mpira unaochelewa kulika, ila kila kampuni inajipimia yenyewe, kwa hiyo 400 ya huyu si lazima iwe sawa na 400 ya yule. Na mara nyingi mpira unaodumu sana ni mpira mgumu, ambao kwenye kona za mvua utakukumbusha. Upande wa pili kuna yale ya 200, yanayopendwa na wanaokwenda kushindana wikiendi. Kwenye joto yanashika kama gundi, ila yanalika haraka, na mengi hayana mifereji ya kutosha kwa maji yaliyotuama. Mimi gari hili ndilo la kwenda kazini. Nikatafuta katikati, kati ya 300 na 400.

Kuhusu saizi, fundi alinishika: 'Kaka, weka 225 na rimu ya 18, gari lijae.' Kwa macho ana haki yake, linajaa kweli. Lakini rimu kubwa na tairi pana ni uzito unaoongezeka pale pale kwenye gurudumu, shokapu zifanye kazi zaidi, usukani upoteze ule wepesi ulionifanya nilipende gari, na bei ya tairi ipande juu. Nilibaki na 215/45R17. Kibandiko cha mlangoni kinasema 87W: 87 ni uzito ambao kila tairi linaweza kubeba, kilo 545, W ni uwezo wa kuhimili hadi kilomita 270 kwa saa. Sina mpango wa kufika huko, ila ubavu uliojengwa kwa ajili ya kasi hiyo ndio unaofanya gari lijibu mara unapogusa usukani, kwa hiyo sikutaka kushuka.

Tairi la ndoto yangu lilikuwa Michelin Pilot Sport 4. Nikapiga hesabu ya manne, nikafunga kikokotoo. Wazo la kununua mawili tu ya nyuma lilinijia nikalikataa, maana ndiyo namna ile ile gari lilivyonifikia: mbele linasema hivi, nyuma vile. Nikaishia kwa Hankook Ventus V12 evo2, na kwa hela niliyolipa sijuti.

Kabla ya kufunga nilisoma tarehe, na nashukuru nilisoma. Mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Ikiandikwa 1820, limetengenezwa wiki ya 18 ya mwaka 2020. Duka la kwanza lilikuwa na manne ya saizi yangu kwa punguzo zuri, 'mapya kabisa', na kweli hayajawahi kugusa lami, ila yalikuwa yamekaa stoo miaka mitano. Niliyaacha. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa tu. Duka la pili yalikuwa na miezi minne.

Siku hiyo hiyo nilifanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yatazame yanakopaswa, kabla sijatembelea mpira mpya. Ule ukingo wa ndani uliokuwa kipara ulikuwa na sababu: magurudumu ya nyuma yalikuwa yanatazama nje. Kama ningefunga tu na kuondoka, ningeyala haya mapya vile vile. Upepo nimeweka paundi 35 mbele na nyuma kama kibandiko kinavyosema, nikipima asubuhi yakiwa ya baridi.

Kilomita mia kadhaa za kwanza nilikwenda taratibu, maana tairi jipya huwa na utelezi wa kiwandani juu ya mpira. Baada ya hapo nikarudi kwenye kile kipilefti, mvua ikinyesha, gia ile ile, mwendo ule ule. Nyuma ilikaa. Nikaongeza kidogo, ikaanza kusogea polepole, nikalegeza mguu, ikarudi mstarini. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Breki za ghafla kwenye maji nazo zimekuwa za mstari mnyoofu, bila ule wasiwasi wa tumboni.

Kelele haikuisha kabisa, kwenye lami ya kokoto unaisikia, na hili ni tairi la majira ya joto: anayeishi kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7 atafute aina nyingine, mpira wa namna hii hukakamaa. Tena kashata zake zina mwelekeo mmoja, kwa hiyo huwezi kuhamisha la kushoto kwenda kulia bila kulitoa kwenye rimu. Mimi nabadilisha mbele na nyuma tu.

Yalianza na kina cha milimita 8 hivi. Nimepima juzi baada ya kilomita 18,000: nyuma 5, mbele 6, na safari hii ukingo wa ndani na wa nje ziko sawa.