Sony 18-135 kwa Safari za Wikendi Kutoka Nairobi: Je, Lenzi Moja Inatosha?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani leo nina lenzi moja tu, Sony 18-135, yaani ya milimita 18 za upana hadi 135 za kuvuta vitu vya mbali, ile ambayo tundu lake la kupitishia mwanga linaanza f/3.5 na kuishia f/5.6 (namba ikiongezeka, tundu linabana). Nimeifunga kwenye kamera ya a6400, ambayo najua wengi wenu mnayo au mnaiwekea akiba. Mmekuwa mkiniuliza swali moja kwa njia nyingi: mtu akinunua hii peke yake, itamtosha kwa safari zake fupi?

Ninayemfikiria nikijibu ni mtu wa kazi. Jumatatu hadi Ijumaa yuko ofisini au dukani hapa Nairobi, Jumamosi alfajiri anapanda matatu au anachangia mafuta na marafiki, na Jumapili jioni anataka awe amerudi nyumbani na picha za maana. Hauzi picha. Anapiga kwa sababu anapenda. Kwa mtu huyo, mimi nasema ndiyo, inatosha, na nitawaonyesha pia mahali inapokwama.

Sababu yangu kubwa haiko kwenye kioo. Iko kwenye jua letu. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua halichomozi kwa mshazari, linapanda wima. Ukitazama video za wapiga picha wa Norway au Uingereza, utawasikia wakizungumzia mwanga laini unaodumu muda mrefu asubuhi na jioni, na huko ni kweli. Hapa jua linatoka mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa moja na nusu vivuli vimeshakuwa vikali, uso wa mtu una weusi chini ya macho, na majani yanang'aa vibaya. Jioni ni vivyo hivyo. Ukianza kufungua begi, kutoa lenzi, kutafuta kifuniko na kufunga nyingine, mwanga umekukimbia. Na hujaamka saa tisa usiku ili ukabadilishe lenzi.

Tuanze na mzigo. Lenzi ina gramu 325. Kamera pamoja na betri na kadi ni gramu 403. Jumla haifiki robo tatu ya kilo. Anayesafiri akiwa amebanwa kiti cha nyuma cha matatu, begi mapajani hadi Naivasha, anajua hilo lina thamani gani. Mimi situmii begi la kamera nikipita mjini. Naiviringisha kwenye leso, naiweka katikati ya begi la kawaida la mgongoni, sweta juu yake. Begi lenye nembo ya kamera linamtangazia kila aliye kwenye steji umebeba nini.

Sasa huo upana wake. Kwa wale mnaohesabu kwa kipimo cha sensa kubwa (sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachonasa mwanga), 18 hadi 135 hapa ni sawa na 27 hadi 202. Yaani unaanza na bonde zima na unaishia na uso wa twiga.

Nitumie Mbuga ya Nairobi kama mfano, kwa sababu iko mlangoni petu. Ilianzishwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117, na kuna picha moja ambayo kila mtu anaitaka: twiga mbele, majumba ya jiji nyuma. Wengi wanaikosa kwa sababu wanamsogelea twiga kisha wanapiga kwa upana. Twiga anakuwa mkubwa, mji unakuwa mstari mdogo wa vijiti. Fanya kinyume. Mwombe dereva arudi nyuma, ukae mbali na twiga, kisha uvute hadi 135. Umbali kati ya twiga na mji haujabadilika, lakini sasa wewe uko mbali na wote wawili, hivyo majumba ya Upper Hill yanapanda nyuma ya shingo yake kana kwamba yako hapo tu. Tazama hii hapa kwenye skrini, kisha hii niliyopiga kwa 18 karibu naye. Twiga ni yule yule, asubuhi ile ile.

Na kuna jambo la pili kuhusu mbuga. Huruhusiwi kushuka garini isipokuwa sehemu maalum zilizotengwa. Wale wanaosema "kuza kwa miguu yako" hawazungumzi na mtu aliye ndani ya mbuga. Simba akipita upande wa kulia hatua chache kutoka kwenye gurudumu, huwezi kurudi nyuma. Unazungusha mkono tu, kutoka 135 hadi 24, na amekaa mzima kwenye fremu, mkia na kila kitu. Hapo ndipo lenzi hii inapolipa pesa zake.

Twende Hell's Gate. Kama hujafika, ni kama kilomita 90 kutoka Nairobi, na ni mojawapo ya mbuga chache ambako unaruhusiwa kutembea au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, swala na twiga. Baiskeli unakodisha huko huko. Picha hii ninayowaonyesha niliipiga barabara ya vumbi, nikiwa nimesimamisha baiskeli kwa mguu mmoja. Milimita 74, f/8, kasi ya moja ya mia tano ya sekunde. Tuikuze. Pundamilia wa mbele ana nyasi kavu imenasa kwenye shavu, mnaiona? Mbele ya kwato za nyuma vumbi limeinuka, na kila punje inaonekana. Kule nyuma ni Fischer's Tower, lile jiwe lililosimama peke yake lenye urefu wa mita 25, na nyufa zake za wima ziko wazi kabisa. Sasa tusogee kona ya juu kulia. Hapo ukali umepungua kidogo, majani yameanza kuchanganyikana. Kwenye simu au kwenye picha ya ukutani ya kawaida hutaliona hilo. Kwenye bango kubwa utaliona.

Kwenye 18 kona hulegea zaidi ukiwa f/3.5, kwa hiyo mandhari napiga f/8 na sina malalamiko. Mistari iliyonyooka inapinda kama pipa, lakini kamera inairekebisha yenyewe kwenye JPEG, ile picha iliyoandaliwa tayari na kamera. Ukipiga RAW, yaani faili ghafi, washa marekebisho ya lenzi kwenye programu yako kabla hujaanza kuhukumu.

Vumbi ndilo jambo ninalotaka mnisikilize vizuri. Lenzi hii haijazibwa dhidi ya vumbi na maji. Mwili wa a6400 una kinga ya kiasi, lakini kinga hiyo inaishia pale lenzi inapofungwa. Halafu, ukivuta, bomba la lenzi linatoka nje, na ukirudisha linaingia na chochote kilicholishika. Kwa hiyo ukiwa Hell's Gate, au njia ya kuelekea Magadi, panguza bomba kwa kitambaa kikavu kabla ya kulirudisha ndani. Beba kipulizia cha mpira. Usipulize kwa mdomo. Mate yakikauka kwenye kioo ni kazi nyingine. Na kule Magadi, lile si vumbi la kawaida, ni magadi yenyewe, yana chumvi chumvi inayong'ang'ania. Ukifika nyumbani futa kamera nzima usiku ule ule, usiseme kesho.

Lakini upande wa pili wa jambo hilo hilo unanifanya niipende. Kwa sababu siibadilishi, sensa haifunguki porini. Wale wanaobadilisha lenzi barabarani wanarudi na madoa ya kijivu angani, na yanajitokeza zaidi ukibana tundu hadi f/8 au f/11, kama tunavyofanya kwa mandhari. Kufuta doa moja kwenye kompyuta si kazi. Kuyafuta kwenye picha zote za safari ni Jumapili usiku nzima.

Ngong sitakaa sana. Matatu za 111 zinakufikisha mjini Ngong, kutoka hapo ni bodaboda au miguu hadi kwenye lango, na kilele ni mita 2,460. Upepo wa juu kule ndio uliofanya wajenge mitambo ile ya umeme, na ndio huo huo unaokutikisa mikono. Lenzi ina kitulizi ndani, na hilo ni muhimu kwa sababu a6400 yenyewe haina. Kwa 135 niko salama kwenye kasi ya moja ya mia moja hivi, na kwa 18 naweza kushuka hadi moja ya nane ya sekunde nikikaza viwiko mbavuni. Kumbukeni tu kwamba kitulizi kinatuliza mikono yako. Mtoto anayekimbia bado atatoka na ukungu.

Kwenye ile barabara ya kuteremka Mai Mahiu, simameni pale juu panapotazama Bonde la Ufa. Njia ile ilichongwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kanisa dogo walilojenga bado lipo chini kando ya barabara. Hapo juu nilipiga Longonot, mita 2,776, asubuhi na tena saa saba mchana, lenzi ile ile, milimita zile zile 135. Ya asubuhi unaona makorongo ubavuni mwa mlima. Ya mchana imelegea, rangi imefifia kuwa bluu ya maziwa. Watu wakipata picha kama hiyo wanakimbilia kusema lenzi ni mbovu. Ni hewa. Kati yako na mlima kuna kilomita nyingi za joto linalopanda na vumbi linaloelea, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayoliondoa. Fika mapema, au ngoja mvua ipite.

Sasa inakwama wapi? Giza. Ukifika 135 tundu ni f/5.6. Lenzi ya f/2.8 inapitisha mwanga mara nne ya huo. Jua likishazama mnakaa nyama choma, kuna moto, kuna taa moja ya njano, uso wa rafiki yako unapendeza, na hapo 18-135 inakulazimisha kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400 na zaidi. Picha inatoka, lakini ngozi inakuwa na chembechembe. Kama usiku ndio unaoupenda, chukua Sigma 18-50 ya f/2.8, ina gramu 290 tu, ila haina kitulizi na inaishia 50. Mimi nilichofanya ni kuongeza Sigma 30 ya f/1.4, gramu 265, ambayo naifunga chumbani jua likishatua. Inabadilishwa mara moja kwa siku, ndani ya nyumba, mbali na vumbi.

Nikiwa hapo kwenye nyuso: iwe ni mama anayeuza shanga kando ya njia ya Magadi au kijana wa baiskeli, salimia kwanza, omba, kisha inua kamera. Milimita 135 zisiwe njia ya kumwibia mtu sura yake kutoka ng'ambo ya barabara. Akikataa, mshukuru uendelee.

Ndege pia ni udhaifu. Pale Ziwa Naivasha, furukombe akiwa juu ya mti atatoka mdogo mno kwenye fremu. Flamingo wakiwa kundi Magadi wanapendeza, kwa sababu unapiga ule mkanda wa waridi juu ya maji. Mmoja mmoja, sahau. Anayetaka ndege anahitaji kitu kama 70-350, na ajiandae kwa gramu 625.

Mwenye ile 16-50 ndogo iliyokuja na kamera anaweza kuniuliza kama kuna haja. Fungua picha zako za safari uone ngapi ulizikata baadaye ili kumleta mnyama karibu. Kama ni nyingi, nunua hii. Kama unapiga mitaa, chakula na marafiki tu, kaa na hiyo uliyo nayo na pesa uweke kwenye nauli.

Wengi mtainunua ikiwa imetumika, na hapa mjini zipo. Nenda mchana, na kamera yako na kadi yako. Washa tochi ya simu, imulike kupitia upande wa nyuma, utafute nyuzi nyeupe kama za buibui: hiyo ni kuvu, usiinunue hata ukipunguziwa. Zungusha mkono wa kuvuta kutoka mwanzo hadi mwisho ukisikiliza mchanga. Kisha simama mlangoni pa duka, piga ukuta wa matofali ulio mbele yako kwa 18, kwa 50 na kwa 135, ukuze kona zote nne. Kona moja ikiwa laini kuliko nyingine tatu, kioo cha ndani kimehama, pengine ilianguka. Rudisha, shukuru, nenda duka la pili. Na ukinunua, dai risiti yenye namba ya lenzi.

Picha zote za leo nimewawekea zikiwa zima, sijazihariri. Zipakueni mzikuze wenyewe kwenye skrini kubwa. Anzeni na zile mbili za Longonot, mziweke ubavu kwa ubavu, kisha mniandikie ni saa ngapi mtaondoka nyumbani Jumamosi.