Uzoefu wangu na simba wa MGM: kutoka Slats wa filamu bubu hadi huyu wa kompyuta

Nianze na hukumu. Kati ya simba wote waliowahi kufungua filamu za Metro-Goldwyn-Mayer (MGM), studio ya filamu ya Marekani, nyota tano nampa Leo wa 1957, akiwa na ile sauti aliyowekewa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huyu mpya wa kompyuta anapata tatu. Nimewatazama kwenye DVD nilizokusanya na kwenye huduma za filamu za mtandaoni, sabufa ikiwa imewashwa, kwa sababu nembo hii bila sauti unaikosa nusu nzima.

Kampuni ilizaliwa 1924, pale Metro, Goldwyn na kampuni ya Louis B. Mayer zilipoungana. Simba alikuja na Goldwyn. Aliyembuni ni Howard Dietz, aliyesoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ambako timu za michezo huitwa Simba. Wa kwanza kuitumikia MGM ni Slats, aliyezaliwa 1919 katika bustani ya wanyama ya Dublin, Ireland. Zama zake zilikuwa za filamu bubu, na yeye hangurumi: amekaa ndani ya ile duara ya utepe anaangalia huku na huku, basi. Aliyezoea nembo za kutikisa ukumbi atamwona mpole mno. Mimi upole huo naupenda. Kamera iko mbele yake na wala haimhusu.

Jackie aliingia 1928, na huyo ndiye aliyeanza kusikika. Sauti yake ilitoka kwenye sahani ya santuri iliyopigwa ukumbini wakati picha inaonyeshwa, kwenye filamu ya White Shadows in the South Seas. Mkitaka kumwona vizuri, wekeni The Wizard of Oz ya 1939. Mngurumo wake ni mkavu, wa kukoroma zaidi kuliko kutisha, na akimaliza anageuza kichwa pembeni kama aliyesikia mtu anaita. Hapo ndipo huwa narudisha nyuma nitazame tena. Mwongozaji gani angemfundisha simba kufanya vile? Ni mnyama wa kweli, amefanya lake, na wakaliacha.

Filamu za rangi, zile za Technicolor, zilipewa Tanner, mwenye hasira kuliko wote. Kwetu Afrika Mashariki huyu ana uzito wa pekee, maana ni wa enzi za King Solomon's Mines ya 1950 na Mogambo ya 1953, filamu ambazo MGM ilikuja kuzipiga huku: Kenya, Uganda na Tanganyika zote zimo. Wazo hilo hunigusa kila mara. Simba wa studio, aliyezoeshwa taa na kamera huko Marekani, anatangulia kunguruma, kisha zinafuata mbuga ambazo simba wenyewe wanaishi.

George alikaa muda mfupi tu. Kisha 1957 akaja Leo, na akabaki hadi 2021. Mwangalieni shingo: manyoya yake ni machache, mafupi, bado kijana. Wengi wetu tuliokulia vibanda umiza ndiye tuliyemjua, ingawa mara nyingi kanda ilikuwa imechakaa na sauti inakwaruza.

Hiyo sauti ina habari yake. Picha ni ya 1957, lakini mngurumo unaotujaa masikioni leo ulitengenezwa na fundi wa sauti Mark Mangini kwa ajili ya Poltergeist ya 1982, na ndani yake alitumia sauti za chui milia. Aliona simba peke yake hamtoshi. Nimewahi kulala Mikumi na kumsikia simba usiku, kwa hiyo naelewa alichokuwa anakitafuta. Mngurumo wa porini unaanza chini kwa chini, unapanda, unafunguka kabisa, halafu unaishia kwenye mikoromo mifupi mifupi inayofuatana hadi inafifia. Unausikia kifuani kabla hujajua unatoka upande gani. Lakini unachukua muda, na nembo ina sekunde chache tu. Chui milia anafika haraka, ana ukali wa juu unaokata. Wapo wanaosema ni udanganyifu. Mimi naona ni ufundi mkubwa, na ndiyo sababu hasa ya nyota ya tano. Sauti imelala juu ya mdomo wa Leo sawasawa. Nimejaribu kutafuta pale zinapopishana, sijapaona.

Kuna filamu zilizoacha njia hiyo, nazo zinafaa kutafutwa. 2001: A Space Odyssey ya 1968 haina simba hai kabisa, ina mchoro wa kichwa cha simba uliotulia kimya, na kwa filamu ile kimya hicho kinafaa kuliko mngurumo wowote. DVD haijaharibika, msiibadilishe! Mwaka mmoja kabla, The Fearless Vampire Killers ilimgeuza simba kuwa katuni ya mnyonya damu. Imefanywa kwa moyo, inapendeza.

Sasa kinachoniuma. Kwenye huduma moja ya mtandaoni ninayoilipia kila mwezi, nilifungua filamu ya zamani ya MGM nikakutana na simba wa kompyuta. Nembo asilia ilikuwa imekatwa. Filamu ile na simba wake vilipigwa zama moja, kwa taa za aina moja, kwa ubora mmoja wa picha. Ukimweka wa 2021 mbele yake, sekunde kumi za mwanzo zinakuwa za filamu nyingine. Niliwaandikia, sijajibiwa.

Huyo wa 2021 peke yake si mbaya. Alitengenezwa akifuatisha sura ya Leo, dhahabu inang'aa, kila unywele unaonekana, na lile tamko la Kilatini la Ars Gratia Artis, yaani sanaa kwa ajili ya sanaa, linaanza kwa Kiingereza kabla ya kugeuka Kilatini. Kwenye No Time to Die, ile ya James Bond, anakaa vizuri. Tatizo langu ni kwamba hakuna anachokifanya ambacho hakikupangwa. Jackie aligeuza kichwa kwa hiari yake. Huyu kila anapopepesa macho, kuna mtu ameamua apepese.

Kwa hiyo kama mna DVD za MGM za miaka ya nyuma, msizigawe kwa sababu tu filamu zenyewe sasa zipo mtandaoni. Ziwekeni kwanza kwenye deki mwone zinafunguliwa na nani.