Kijitabu cha historia ya usharika wetu: kinunue, na kalamu uwe nayo

Nimekinunua Jumapili baada ya ibada ya kwanza, pale mezani nje ya ofisi ya usharika. Shilingi 8,000, kurasa 64, kimebanwa kwa pini. Mlioniuliza kama kinafaa: kinafaa sana.

Sura ya kwanza isikukatishe tamaa. Imeanzia mbali: wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, kufika Machame 1893, wawili wao kuuawa Akeri kule Meru 1896, hadi makanisa saba kuungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 1963. Ni kweli yote, ila aliyepita darasa la kipaimara anayajua, na sisi hapa Moshi mjini wakati huo hata mtaa, yaani tawi la usharika, hatujawa.

Nenda ukurasa wa 23. Wamechapa daftari la mnada wa sadaka, la mwaka tuliponunua mabati ya kanisa, kama lilivyo, kwa mwandiko wa mwinjilisti mwenyewe. Mkungu wa ndizi. Jogoo. Kahawa debe moja. Mayai sita. Mbele ya kila kitu kuna jina la aliyetoa na fedha iliyopatikana. Mayai yale sita ni ya bibi yangu. Bei yake imekatwa na kuandikwa upya mara tatu, kwa sababu kila aliyeyanunua aliyarudisha mezani yanadiwe tena. Nilisoma nimesimama pale pale uwanjani, machozi yakanilenga.

Kilichoniuma ni ukurasa wa 41. Kuna picha ya wanawake wamejitwika ndoo za mchanga wakitoka Mto Karanga. Imechapwa nyeusi mno, na chini yake wameandika tu: "Akina mama wakishiriki ujenzi." Wachungaji wote wana majina kamili, wenyeviti wa kamati ya ujenzi vilevile, hadi aliyekata utepe. Hawa waliopanda na kushuka ule mteremko msimu mzima, hata jina moja hakuna. Toleo la pili lazima lirekebishe hilo, tena wahusika wafanye haraka, maana wanaowakumbuka ni wazee.

Nilimpelekea mama nakala yake jioni ile. Alivaa miwani, akaisogeza picha dirishani, akaniambia, "Hebu nipe kalamu, mwanangu." Ameshaandika pembeni majina tisa. Wa tatu kutoka kushoto amemtambua kwa kanga. Wawili bado, na amesema Jumatano kwenye umoja wa wanawake atawauliza wenzake.