Kipima moto cha plagi kwenye Hilux ya 22R, uzoefu wangu

Wadau, kama una pikapu ya zamani ya petroli, stata inazunguka vizuri ila gari haiwaki, naomba usome hii kabla hujaanza kununua spea.

Ninayo Hilux ya miaka ya 80, injini 22R ya kabureta, kazi yake kubeba mahindi na mbao huku Morogoro. Msimu wa mvua ikaanza kuzima njiani ghafla, haikohoi wala nini, ukiiacha ipoe inawaka kama vile hakuna kilichotokea, mwishowe ikagoma kabisa. Betri nzima, mafuta yapo, ukifungua plagi zimelowa petroli. Yaani moto (cheche ya plagi) hakuna.

Gereji niliyoipeleka wakabadilisha koili, ile inayopandisha umeme wa betri uwe moto wa plagi, ikawaka, nikalipa, haikufika mbali ikazima tena. Wakasema basi ni ignaita, kale kaboksi ka umeme kanakokaa pamoja na koili, nikalipa tena. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyepima kitu! Wanachomoa plagi wanaigusisha kwenye injini, piga stata, wakiona kacheche kadogo wanasema moto upo.

Ndo nikaenda Kariakoo nikachukua kipima moto changu mwenyewe, elfu kumi na kitu tu, kile chenye klipu ya kung'ata chuma cha injini na skrubu ya kurekebisha uwazi ambao cheche inaruka. Uwazi ndo kila kitu hapa. Plagi ya 22R inawekwa milimita 0.8, na nje kwenye hewa ya kawaida hata koili iliyochoka inaruka hapo, lakini ndani ya silinda hewa imeshindiliwa na umeme unahitaji nguvu kubwa zaidi kuruka nafasi ileile. Kwa hiyo mimi nafungua mpaka milimita 6 hivi, cheche ikiruka hapo ya bluu na unaisikia ikipiga ta ta ta ujue koili ni nzima, ikiwa ya njano nyembamba au inaruka inaacha ujue kuna shida.

Nikaanza na waya wa katikati unaotoka kwenye koili. Ukipata moto pale halafu kwenye plagi huna, tafuta kwenye waya za plagi, au kepu (kifuniko) na rota ya distributa, ile inayogawa moto kwa kila plagi. Mimi palepale kwenye koili hamna kitu. Nikapima umeme unaoingia koili, volti 12 zipo swichi ikiwa on na hata stata ikizunguka (pima hali zote mbili, kuna swichi zinakata umeme ukiwa unapiga stata). Ikabaki sensa ya ndani ya distributa, ile koili ndogo inayosoma meno manne ya shafti na kuiambia ignaita lini ikate umeme. Nikachomoa soketi yake nikaweka mita, inatakiwa isome kama ohm 140 hadi 180, ikasoma 150 na kitu. Nzima kabisa kwa kuangalia, na hapo mtu angefunga akaondoka.

Ila mita ikiwa bado imeshikilia nikavuta hewa kwa mdomo kwenye mpira wa vakyumu wa distributa, ile sahani ya ndani inayobeba sensa ikazunguka kidogo, namba ikapotea, nikiachia inarudi, nikivuta inapotea. Kufungua kepu naukuta waya wa sensa umekatika ndani kwa ndani pale unapojikunja chini ya sahani, ganda la juu limeshikilia tu, kwa hiyo mtikisiko au joto kidogo unaachana. Koili waliyoitoa kule gereji nikairudisha nikaipima, inapiga moto vizuri kabisa, hela yangu ilienda bure. Nikatafuta distributa used yenye sensa nzima, nikaweka alama kabla ya kuchomoa ya zamani, nikapima nafasi ya sensa na jino kwa fila (vibati vyembamba vya kupimia uwazi), iwe milimita 0.2 mpaka 0.4, tukaweka taimingi (wakati wa moto kupiga) na gari ipo barabarani mpaka leo.

Mapungufu yapo. Klipu ni laini, isipong'ata chuma kisafi inakudanganya kuwa moto hakuna, kwa hiyo kwangua kutu kwanza. Juani cheche huioni vizuri, pimia kivulini au jioni. Na jamani msishike waya kwa mkono, umeme wa koili unarusha mtu, halafu kama kabureta inavuja kausha kwanza petroli. Usipige stata ukiwa umeacha waya wa koili unaning'inia hewani bila kipimo, unaweza kuua koili au ignaita nzima.

Dukani utakutana pia na zile za taa, zinazowaka kaglopu umeme ukipita. Ni bei rahisi ila glopu inawaka hata moto ukiwa dhaifu, kwa gari inayozima na kuwaka kama yangu haitakusaidia, chukua ya skrubu.