Hundreds of Beavers darini Lamu: ni nzuri, lakini chunga unavyoionyesha

Filamu hii ya vichekesho, ambayo jina lake ni "Mamia ya Biva", imewafikia watu wengi vipande vipande kabla ya kuonekana nzima. Kwenye simu huzunguka kipande cha dakika moja: mwanamume mwenye kofia ya manyoya anatwangana ndani ya theluji na watu waliovaa kama panya wakubwa, picha nyeusi na nyeupe kama za enzi za babu. Anayeiona hucheka, akaiulizia nzima. Nzima inapochezwa ndipo watazamaji wanapogawanyika. Wapo wanaoshika mbavu mpaka mwisho, na wapo wanaojinyoosha mkekani dakika ya 50 na kuuliza, "Ndiyo hii tu?"

Kwanza mnyama mwenyewe, maana kwetu hayupo. Biva ni jamaa ya panya, mkubwa kama mbwa, mkia bapa kama kafi. Huangusha miti kwa meno na kuziba mito kwa magogo. Anapatikana Amerika Kaskazini na Ulaya, na zamani ngozi yake ilikuwa mali. Hayo matatu, meno, magogo na bei ya ngozi, waambieni watazamaji kabla ya kuanza. Asiyeyajua atakaa nusu saa akijiuliza kwa nini mtu mzima anahangaika na panya.

Mwongozaji ni Mike Cheslik, na anayeigiza mhusika mkuu, Jean Kayak, ni rafiki yake Ryland Brickson Cole Tews, aliyeandika naye hadithi. Bajeti yao ilikuwa dola 150,000, pesa ambayo Hollywood haitoshi hata kwa chai. Walirekodi Wisconsin na Michigan, theluji ikiwa ya kweli. Mara ya kwanza ilionyeshwa Septemba 2022 katika tamasha la Fantastic Fest, Austin, Texas, na ilipofika mapema 2024 wenyewe wakaanza kuizungusha jumba hadi jumba, wakiandamana na watu ndani ya mavazi ya biva. Mwaka mzima na zaidi wa "itakuja, itakuja" ndio uliowapa washabiki wenye imani kama ya timu ya mpira.

Ukongwe wake ni wa kuundwa. Kamera ni ya dijitali, na chembechembe zile za ukanda wa zamani zimetiwa baadaye kwa kompyuta. Picha zenye ufundi wa kompyuta zinapita 1,500, nyingi zikiwa kazi ya Cheslik mwenyewe. Mavazi ya biva yalikuwa machache, yakazidishwa kwenye kompyuta mpaka yakawa jeshi. Wapenzi wa sinema za kale wanalalamika kwamba huo ni udanganyifu. Lalamiko hilo halina uzito, kwa sababu filamu haijifichi: nguo inaonekana ni nguo, na biva akipasuliwa utumbo wake ni wa kitambaa. Huo ndio utani wenyewe.

Hadithi ni nyepesi na mtu wa Lamu ataifahamu upesi, kwa sababu ni hadithi ya mahari. Jean Kayak anauza pombe ya tofaa, biva wanamharibia kila kitu, baridi inamkuta hana hata chakula. Anajifunza kutega: sungura, rakuni, mwisho biva. Ngozi anapeleka kwa mwenye duka, ambako kila kitu kina bei yake kwa ngozi, kisu hiki kwa ngozi kadhaa, kamba ile kwa kadhaa, kama mchezo wa kompyuta. Anampenda binti wa mwenye duka, na baba mtu anataja mahari: biva, mamia.

Hapa ndipo ugomvi ulipo. Maneno karibu hayamo. Aliyezoea filamu za kibandani, zile zinazosimuliwa kwa Kiswahili na kina DJ Afro, anangoja sauti ya kumshika mkono, na haiji. Tena jambo hilohilo hurudi: mtego unategwa, unafyatuka vibaya, unarekebishwa, unafyatuka tena. Tazama ule mzaha wa kigong'ota. Jean anapiga mluzi, kigong'ota anatua na kumdonoa kichwani. Mara ya kwanza unacheka kidogo. Mara ya pili unakereka. Baadaye mluzi uleule unakuwa silaha mkononi mwake, na hapo ndipo unajua kwamba ulikuwa ukifundishwa kanuni muda wote. Filamu nzima imejengwa hivyo, nusu ya kwanza ni kukopesha na nusu ya pili ni kulipa. Anayelala katikati hudai hakulipwa, na kweli hakulipwa.

Hata hivyo dakika 108 ni nyingi. Sehemu ya katikati ingepunguzwa dakika 15 na mtego wowote usingelegea. Binti naye kaandikwa kama tuzo, hana mengi zaidi ya kupasua ngozi na kutazamwa. Na wazazi wajue: kuna ulevi tangu mwanzo, kuna mahaba ya kuchekesha, kuna mate na uchafu. Uani kwa madrasa si mahali pake.

Kuhusu msimulizi, ushauri ni mfupi: mpeni usiku wa mapumziko. Vichekesho hapa vimepimwa kwa mlio, na mtu akisema juu yake, mlio unapotea.

Sasa picha, kwa sababu malalamiko mengi ya "haionekani vizuri" hayatokani na filamu. Theluji ni nyeupe karibu kila dakika, kwa hiyo projekta dhaifu huigeuza majivu. Msiamini boksi lililoandikwa lumeni 10,000, yaani wingi wa mwanga unaotoka kwenye projekta. Vile vidogo vya bei rahisi mara nyingi havifiki 300 kwa kipimo cha kuaminika, kile cha ANSI. Kwa lumeni 250, kitambaa cha upana wa mita 2.5 kinapata takriban luksi 70 tu, yaani mwanga unaoangukia kila mita ya mraba. Kisogezeni mpaka upana wa mita 1.5, mwanga unafika karibu luksi 200 na theluji inarudi kuwa theluji. Mwenye projekta ya lumeni 3,000 za kweli abaki na mita 2.5 bila wasiwasi. Taa ya ngazini izimwe, na usiku wa mwezi mpevu kitambaa kiupe mwezi mgongo.

Faili nalo lina lake. Chembechembe hubadilika kila fremu, na faili lililobanwa sana halina nafasi ya kuzibeba, ndipo theluji inapovunjika vijiboksi. MB 700 kwa dakika 108 hazitoshi. GB 3.5 hadi 3.9 inapendeza. Msivuke 4, maana flashi iliyopangwa kwa mfumo wa zamani wa FAT32 haipokei faili kubwa kuliko hapo, na projekta nyingi ndogo hazisomi ule mpya wa exFAT. Kwenye mipangilio, ukali wa picha ushuke, rangi iwe 0, na ule ulaini wa mwendo uzimwe kabisa, la sivyo filamu ya mtindo wa kale itaonekana kama tamthilia ya mchana.

Sauti ipite kwenye waya. Spika ya Bluetooth huchelewa, mara nyingine sehemu ya tano ya sekunde au zaidi, na hapo rungu linamfikia biva kabla ya mlio wake. Filamu nyingine ingestahimili. Hii inakufa palepale. Waya wa milimita 3.5 ni rahisi kuliko aibu hiyo.

Kaskazi ikivuma, shuka lililofungwa pembe nne hugeuka tanga. Lifanyieni kama tanga basi: juu boriti kama foromali, chini bomba la kulivuta, na lote likae nyuma ya ukuta upande usio na upepo. Projekta iliyotoka chumba chenye kiyoyozi ikae nje nusu saa kabla ya kuwashwa, kwani lenzi baridi hushika ukungu kwenye hewa yetu yenye unyevu. Paka watapita mbele ya kitambaa. Waacheni, biva hawaogopi.

Onyesho la watu wengi linahitaji ruhusa ya wenye filamu na taratibu za Bodi ya Filamu, KFCB, hata kama ni darini. Baada ya Isha, kuanza saa 2:15 kunawatoa watu saa 4 na dakika tatu, bila mapumziko. Mapumziko msiyaweke, anayetoka katikati harudi.

Umeme ukikatika, projekta kubwa na spika hula kama wati 350, yaani wati-saa 630 mpaka mwisho, na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, bado haijachukua yake. Betri ya kawaida ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, isiyotakiwa kushuka chini ya nusu, inatoa 600. Itazimika zikibaki dakika kumi au zaidi, wakati mitego yote iliyotegwa tangu mwanzo inafyatuka kwa pamoja. Wekeni betri mbili, au ile projekta ndogo ya wati 70, kwani gizani hapo wale waliokuwa wakiuliza "ndiyo hii tu?" watakuwa wameshinda kesi.